Nimeitumia Quran for Android na watoto wa chuo Mikindani

Quran for Android, programu ya simu ya kusoma na kusikiliza Qur'ani, haina tangazo hata moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niiondoe programu niliyokuwa nayo mwanzo, ambayo sitaitaja jina. Ile nayo ilijiita ya bure. Mtoto yumo katikati ya Yasini, mara kioo kizima kinajaa tangazo la kubeti, mpira unazunguka na noti zinamwagika. Mimi ni mwalimu wa chuo, yaani madrasa ya Qur'ani. Asubuhi nasomesha watoto wadogo na mabinti barazani kwangu hapa Mikindani, Mtwara, na baada ya alasiri nakaa na kina mama. Siwezi kumwambia mzazi ampe mwanawe simu asome Qur'ani, halafu simu hiyo hiyo imfundishe kuweka mkeka.

Quran for Android, hii ya watu wa Quran.com, imeniondolea hofu hiyo. Haikuulizi jina, haitaki namba yako, wala hakuna kitu kizuri kilichofichwa nyuma ya malipo. Wenyewe wa Quran.com wameandika wazi kwamba kazi yao ni sadaka jariya, yaani sadaka ambayo thawabu yake inaendelea, na ukiitumia unaona kwamba wanamaanisha. Hata msimbo wake wameuacha wazi, fundi yeyote wa kompyuta anaweza kuufungua, kuukagua na kuuendeleza. Nimewaeleza hivyo wazee wa msikiti walioniuliza "hawa wanapata nini?", maana swali hilo ni la haki. Siku hizi kitu cha bure watu wanakiogopa.

Ukishaiweka kwenye simu, msahafu unaoupata ni wa kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, kwa mpangilio wa msahafu wa Madina, ule ule ambao mahujaji wetu wanarudi nao. Hili lina faida kubwa kwa anayehifadhi. Aya iliyo juu kushoto kwenye karatasi iko juu kushoto kwenye simu pia, na macho yanahifadhi mahali pamoja na maneno. Kurasa zikishashuka, bando halihitajiki tena kusoma.

Hapa niseme jambo ambalo mwalimu wa huku lazima alijue kabla hajawagawia watoto. Vyuo vyetu vingi vimelelewa kwenye juzuu za chapa ya Kihindi, na hati ya Madina ina alama zake. Sukuni yake, alama ya herufi isiyo na irabu, ni kichwa kidogo cha khaa kisicho na nukta. Kiduara kamili kina kazi nyingine kabisa, kinaonyesha herufi isiyosomwa. Tanwini, zile irabu mbili mbili za mwisho wa neno zinazosomwa kwa sauti ya nuni, nazo hazikai namna moja: zikipangana sawasawa, moja juu ya nyingine, unadhihirisha nuni, zikipishana, unaiingiza kwenye herufi inayofuata au unaificha. Mtoto aliyezoea sukuni ya duara akikutana na ukurasa huo anasita, mzazi anadhani mwanawe amesahau. Hajasahau. Mpe wiki za mwanzo umwonyeshe alama moja moja na atazipenda, kwa sababu hati hii inamwambia hukumu ya tajwidi, yaani kanuni za usomaji, kabla hajauliza. Na ambaye hataki kabisa kuiacha hati ya Kihindi, kwenye tovuti yenyewe ya Quran.com kuna mahali pa kubadilisha hati akaipata.

Lakini thamani yake kwangu iko kwenye kusikiliza. Unabonyeza aya na kuishikilia, unaiamuru isomwe, kisha kwenye mpangilio unachagua uanzie aya ipi, uishie ipi, kila aya irudiwe mara ngapi na fungu zima lirudiwe mara ngapi. Basi. Wasomaji ni wengi, na mimi watoto wote nawaanzisha kwa Mahmoud Khalil Al-Husary, Mmisri aliyefariki mwaka 1980, yule ambaye mwaka 1961 alikuwa wa kwanza kurekodiwa akisoma Qur'ani nzima kwa tartili, usomaji wa taratibu na wazi. Wengine wana sauti za kuliza watu, sikatai, na msomaji kama Abdul Basit nitamsikiliza mpaka nife. Ila kwa mwanafunzi Husary hana mfano. Hakimbii, haoneshi ufundi, kila herufi anaitoa mahali pake na kuiacha ikamilike. Mtoto akimwigiza, hata akikosea, anakosea karibu na sahihi.

Wa huku mtanielewa nikisema msimu wa korosho ndio mtihani wa mwalimu wa chuo. Kuanzia Oktoba familia zinahamia mashambani kuokota, na baraza langu linabaki na watoto wachache wa hapa hapa mjini. Wanaporudi, Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, imeshatawanyika vichwani mwao. Sasa kabla hawajaondoka namwita mzazi mwenye simu ya kupangusa, tunashusha kwa intaneti ya nyumbani kwangu sura ambazo mtoto anazo, anaondoka nazo. Kule shambani mtandao ni wa kupanda kichuguu, lakini sauti iliyokwisha kushushwa haiombi mtandao. Jioni wakiwa wamekaa kupanga magunia, Surat An-Naba inasoma. Msimu uliopita mtoto mmoja wa Msanga Mkuu alirudi na sura mbili za ziada, kazipata kwa kusikiliza tu, na baba yake kazipata pia.

Wenye vitochi, simu ndogo za kubonyeza, sikuwaacha. Ndugu hawa hawa wa Quran.com wana tovuti nyingine, QuranicAudio.com, ambapo unashusha sura nzima nzima kama faili la kawaida la sauti, bure vile vile. Naziweka kwenye memori kadi, Juzuu Amma yote, sura 37, na memori inaingia kwenye kitochi au kwenye zile redio ndogo za sola ambazo kila shamba linayo. Kurudia aya moja moja hapo hakuna, ni kusikiliza mfululizo, lakini mtu anayeshinda akibangua korosho mikono yake haina nafasi ya kugusa kioo hata hivyo.

Na sasa kina mama, ambao nawaandikia zaidi kuliko wote. Wengi wa wanafunzi wangu wa alasiri waliolewa kabla ya kuhitimu. Wana wajukuu, wanaheshimika mtaani, na Fatiha yao ina makosa ambayo hakuna aliyethubutu kuwarekebisha, kwa sababu nani atamsahihisha bibi yake? Kukaa mkekani pamoja na watoto wa miaka saba hawawezi, na siwalaumu. Mama mmoja wa Magengeni nilimwekea Fatiha irudiwe, nikampa na visikilizi vya masikioni. Akawa anasikiliza usiku watu wakishalala, aya moja mpaka ulimi ukubali, halafu nyingine. Alipokuja kunisomea nilimwambia, "Bibi, sasa hiyo ndiyo." Alilia, na mimi pia. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyejua. Kwa jambo hilo moja tu ningewaombea dua walioitengeneza mpaka mwisho wa umri wangu.

Wananiuliza pia kuhusu udhu, na siku zao. Masheikh wengi wa sasa wanaona simu haina hukumu ya msahafu wa karatasi, kwa hiyo kuishika si tatizo. Mwenye wasiwasi amwulize sheikh wake.

Upande wa maana, kuna tarjuma ya Kiswahili ya Ali Muhsin Al-Barwani, Mzanzibari, unaishusha mara moja na inakaa. Ukigusa aya unaiona. Sisi tuliokulia kwenye tarjuma ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka nzima mwaka 1969, tunaona tofauti ya uandishi, lakini Al-Barwani anasomeka vizuri na mabinti wa sekondari wanamwelewa. Ninachokililia ni tafsiri, yaani ufafanuzi wa kina wa aya. Ibn Kathir, mfasiri mashuhuri wa zamani, unamkuta kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na msichana wa kidato cha nne hapa Mtwara havimfai vyote viwili sawasawa. Hilo si la kuwadai watu wa Marekani. Ni la kuwadai wanazuoni wetu wa Afrika Mashariki, ambao darsa zao za miaka na miaka zimebaki kwenye kanda na kwenye vichwa vya wanafunzi wao. Zingepigwa chapa, zikakaguliwa na kutolewa bila masharti, mahali pa kuziweka papo tayari.

Nasema zikaguliwe kwa sababu kusambaza bure bila uangalizi ni hatari. Kabla hazijaanza juhudi kama Tanzil, iliyoanza 2007, maandishi ya Qur'ani kwenye intaneti yalikuwa yakinakiliwa ovyo, herufi zikidondoka njiani. Tanzil waliyapitia herufi kwa herufi na irabu kwa irabu, wakayatoa kwa kila mtu kwa sharti la haki: chukua, nakili, gawa, lakini usibadilishe. Sharti hilo ningependa kuliona kwenye kila karatasi ya dini inayozungushwa kwenye simu zetu, maana huko kwenye makundi hadithi hazina mpokezi wala kitabu, na watu wanazipeleka mbele kwa kuogopa laana.

Je, inaweza kukaa mahali pa mwalimu? Hapana, nalisema kwa nguvu. Simu inasoma ila haisikii. Watoto wetu wengi wa nyumba za Kimakonde, "r" inateleza ikawa "l", wakasoma "Al-lahmani" huku wao wenyewe wanasikia "Ar-rahmani". Husary atarudia mara mia na mtoto atarudia kosa lake mara mia, na kosa linakomaa. Panatakiwa sikio la mtu, na kidole cha kugusa shavu na kuonyesha ulimi ukae wapi. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: anasikiliza nyumbani, anasoma mbele yangu, namsahihisha, ndipo naongeza aya nyingine kwenye simu. Aya ambayo sijaisikia kinywani mwake simruhusu kuendelea nayo.

Kwa mwalimu mwenzangu wa Lindi, Kilwa au Newala anayetaka kuanza: usishushe Qur'ani nzima kwa pupa, bando litakwisha na simu itajaa. Shusha kuanzia Adh-Dhuha mpaka An-Nas, msomaji Husary, kila aya irudiwe mara tatu, na ufanye hivyo Septemba, kabla magunia hayajatoka stoo.