Kibao cha Yusuf: fundi wa majina wa Ngamiani

Mjukuu wangu alizaliwa usiku wa kuamkia Jumanne, na jina lilikuwa likimngoja tangu babu yake alipotutoka, miaka tisa sasa. Yusuf. Halikujadiliwa. Baba yake alimwadhinia sikioni, akanigeukia, nikajua.

Mbuzi wawili wa akika walikuwa wameshapatikana, na mashoga zangu walishagawana nani alete nguo, nani blanketi, nani beseni. Mimi nilitaka kitu kitakachokuwapo mtoto akifika miaka ishirini. Shoga yangu wa Chuda akanielekeza kwa fundi mmoja Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya kumi na mbili, anayechonga majina kwenye mbao na nyuma ya kibao akabandika karatasi ya wajina: watu wa zamani na wa sasa waliolibeba jina hilohilo wakajulikana. Nimekaa na kibao hicho wiki sita, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa si ya furaha ya siku ya kwanza.

Nianze na mbao. Ni mninga, na ni mninga kweli, nimeunusa kabla haujapakwa kitu. Urefu sentimita 40, upana 25, unene wa vidole viwili. Jina limechongwa mara mbili, juu kwa khati ya Kiarabu, chini kwa herufi za kawaida, na herufi zimeinuka, hazikuchimbwa. Yaani fundi ameondoa mbao yote iliyozizunguka kwa patasi akaziacha herufi zimesimama. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu, na mkono ukiteleza mara moja kibao kimeharibika. Mkia wa herufi ya wau umepinda vizuri hadi mwanangu wa kiume, ambaye si mtu wa kusifu, aliupitisha kidole mara mbili. Nyuma kuna kulabu mbili na mnyororo mwembamba wa kutundikia. Bei ni shilingi 55,000, nusu unatanguliza, nusu unapochukua. Kwa kazi ile sioni kwamba ni ghali.

Kasoro ya kwanza ni muda. Aliniahidi siku ya tano, nikakipata siku ya saba yenyewe, saa mbili asubuhi, wageni wameshaanza kukaa kwenye mikeka. Vanishi ilikuwa haijakauka. Mgeni mmoja alikishika kukitazama, akaacha alama ya kidole kwenye herufi ya fa. Nilisikitika, na nilimwambia fundi hivyo bila kumficha. Alikichukua wiki iliyofuata, akapiga msasa, akapaka upya, hakunidai hata shilingi. Kwa hiyo nasema: ukitaka kwa siku ya akika, agiza mimba ikiwa na miezi minane, na jina mkishakubaliana. Usingoje mtoto alie.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni ile karatasi ya nyuma.

Fundi huichapa steshenari, ikawekwa laminesheni, halafu huibana kwa misumari midogo minne ili iweze kutolewa na kubadilishwa. Ya Yusuf ilikuja na watu sita. Wa kwanza bila shaka ni Nabii Yusuf, mwana wa Yaakub, mwenye sura nzima ya aya 111 katika Kurani. Ndugu zake walimtupa kisimani, akauzwa Misri, akafungwa kwa kusingiziwa, na mwisho ndiye aliyeweka akiba ya nafaka miaka saba ya neema ili watu wapate kula katika miaka saba ya njaa. Hapo sikuwa na neno.

Wa pili alinishangaza mwenyewe, na mimi nimesoma. Salahuddin Ayyubi. Kumbe Salahuddin ni lakabu. Jina alilopewa utotoni Tikrit ni Yusuf, Yusuf bin Ayyub. Fundi alikuwa ameandika kwamba aliitwaa Baitul Mukaddas, yaani Yerusalemu, mwaka 1178. Nikamwambia, fundi, umezigeuza tarakimu, ni 1187, tarehe 2 Oktoba, miezi mitatu baada ya vita vya Hattin. Akasahihisha kesho yake. Nikampa na jambo jingine la kuongeza, kwa sababu mtoto akilisoma hatalisahau: Salahuddin alipofariki Damascus mwaka 1193, mtu aliyetawala Misri na Shamu, hazina yake ilikutwa na sarafu moja ya dhahabu na dirhamu 47 tu. Na aliyetuandikia habari hiyo, kadhi wake Bahauddin bin Shaddad, jina lake naye ni Yusuf. Yusuf alimzika Yusuf, akaandika maisha yake.

Yusuf bin Tashfin wa Morocco, aliyevuka bahari kwenda Andalusia, Hispania ya Waislamu, na kushinda vita vya Zallaqa mwaka 1086, amepewa mistari miwili, inamtosha. Yusuf Islam, mwimbaji wa London aliyeliacha jina la Cat Stevens alipoingia dini, naye yumo.

Wa tano ni Yusuf Lule, na hapa nampongeza fundi, kwa kuwa vijana wengi hawamjui. Mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi Machi 1979, ndio uliomchagua, vita vya Kagera vikiwa bado vinapiganwa, akaapishwa kuwa rais wa Uganda mwezi uliofuata. Alikaa siku 68. Nakumbuka tulivyosikiliza redio, wanaume wa mtaa wamekaa barazani na kahawa zao, na marehemu mume wangu akitaniwa kwamba wajina wake amepata nchi. Alipoondolewa Juni, wakamletea kashata za kumpa pole.

Wa sita ni Dilip Kumar, mwigizaji wa picha za Kihindi. Nilicheka kwa furaha nilipoliona jina lake pale, maana sikuwa nimewahi kumweleza fundi chochote. Jina lake halisi ni Muhammad Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar, 1922. Tanga yetu ilikuwa na majumba ya sinema, na picha za Kihindi zilijaza watu hadi ngazini, wanawake tumevaa buibui na kanga tunalia kwa sauti. Mume wangu alichana nywele kama yeye, zile za mbele zikianguka kidogo kwenye paji. Mwaka 1960 Yusuf huyo aliigiza mwana wa mfalme aliyeitwa Salim, akapendwa kila mahali zilipofika picha za Kihindi. Alifariki Julai 2021, ana miaka 98. Bila ya huyu, karatasi ya jina la mume wangu ingekuwa na pengo.

Sasa niseme lililokosekana. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka ya tisini nilikuwa wodini, na wanaojua miaka ile wanajua tulikuwa tukifanya nini: kuosha vidonda, kubadilisha mashuka, kuwashika mkono. Mdogo wangu wa tumbo moja alifia mikononi mwangu mwaka 1998. Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilikuwapo duniani. Zilikuwa zikiuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani Tanga alikuwa nazo?

Februari 2001 kampuni ya dawa ya India iitwayo Cipla ilitangaza kwamba itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Chini ya dola moja kwa siku. Mkuu wa kampuni hiyo wakati ule alikuwa Yusuf. Yusuf Hamied, mwanakemia, baba yake Mwislamu wa India na mama yake Myahudi wa Lithuania. Mwaka huohuo kampuni yake ikatoa kidonge kimoja kilichobeba dawa tatu, mgonjwa akawa anameza asubuhi na jioni tu badala ya kubeba mfuko wa vidonge. Kampuni kubwa zilimwita mwizi wa hakimiliki. Mimi nilichokiona ni kwamba miaka michache baadaye, dawa zilipoanza kutolewa bure hapa kwetu, watu tuliokuwa tukiwahesabia siku waliinuka kitandani, wakarudi sokoni kuuza samaki. Wengine wananisalimu barabarani mpaka leo.

Nilikwenda Ngamiani mwenyewe, sikutaka kupiga simu. Fundi akaniamkia, akanipa kigoda, nikamsimulia yote hayo. Aliweka patasi chini. Aliniuliza, "Bibi, mbona mtu huyu hatufundishwi?" Sikuwa na jibu. Akaandika jina kwenye daftari lake, akaniambia ataliweka la pili, chini ya Nabii tu. Nikasema hapana, Salahuddin abaki alipo, huyu amfuate. Ndivyo ilivyo sasa.

Tulibishana kwa mawili mengine. La kwanza ni Yusuf bin Hasan wa Mombasa. Fundi hakumweka kwa sababu, alivyosema, haweki nyuma ya kitanda cha mtoto mtu mwenye damu za watu. Lakini Mombasa ni hapo tu, ukivuka mpaka wa Horohoro umekaribia, na hadithi yake ni ya pwani hii hasa. Baba yake, sultani, aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina la Jeronimo, akalelewa kama mtu wao, kisha akarudishwa atawale Mombasa. Agosti 1631 akaingia ndani ya Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno pale Mombasa, akamuua kapteni, akalirudia jina la Yusuf na dini ya wazee wake. Waliouawa hawakuwa askari peke yao. Wareno walikuja na meli kutoka Goa kuizingira ngome wakashindwa, lakini mwaka uliofuata aliuacha mji mwenyewe, akaishia kuwa mharamia baharini. Nilitaka aandikwe, na aandikwe yote, mauaji pamoja na jina alilonyang'anywa. Fundi akaniuliza, basi na Joseph Stalin tumweke? Nikasema huyo la. Nakiri sikuweza kumpa sababu ya kumtia mmoja na kumwacha mwingine, ila kwamba mmoja ni wa kwetu na mtoto atakuja kuulizwa habari zake. Alikubali kwa shingo upande.

La pili lilikuwa la dini. Fundi ana karatasi mbili, moja ya akina Yusuf kwa Waislamu na nyingine ya akina Yosefu kwa Wakristo, na hazichanganyi. Mimi naona jina ni lilelile. Jirani yangu mlango kwa mlango ana mjukuu aitwaye Yosefu, na watoto hawa watacheza mchanga mmoja. Zaidi ya hapo kuna mtu kwenye karatasi ya pili nisiyeweza kumwacha: Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza. Mwaka 1865 huko Glasgow aliletewa mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa umetoka nje. Siku zile jeraha la namna hiyo lilioza, mguu ukakatwa au mtu akafa. Lister alilifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, na baada ya wiki sita mtoto alikuwa amepona, mguu wake mzima. Kila nilipochovya pamba kwenye dawa kabla ya kugusa kidonda, kwa miaka thelathini na moja, nilikuwa nafanya kazi ya huyo Yusuf. Fundi alipiga mstari chini ya karatasi, akamwandika chini ya mstari. Sawa, hata hapo anasomeka.

Ubaya mkubwa nilioukuta katika duka hili, na nataka fundi ausome, ni majina ya kike. Mjukuu wangu mwingine, wa binti yangu, anaitwa Mariamu, ana miaka saba, na baada ya kukiona cha mdogo wake alitaka chake. Karatasi ya Mariamu ilikuwa na mtu mmoja. Bibi Mariamu, mama yake Issa, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani, na sura ya 19 ni yake. Hakuna aliye juu yake. Lakini baada yake palikuwa peupe, karatasi nzima, wakati ya Yusuf ilikuwa imesongamana hadi herufi zikawa ndogo. Mtoto aligeuza kibao nyuma, akauliza, "Wengine wako wapi, bibi?"

Nimekaa siku tatu na kalamu. Nimemwandika Maria Skłodowska wa Poland, dunia inamwita Marie Curie, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 na tena 1911, na wakati wa vita akaendesha magari ya eksirei kwenda kuwapiga picha majeruhi. Nimemwandika Zenzile Miriam Makeba, sauti ya Afrika Kusini, ambaye serikali ya makaburu ilimfungia mlango wa kwao asirudi hata kumzika mama yake. Nimemwandika Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields ya hisabati, mwaka 2014, aliyefariki mapema mno, ana miaka 40. Huyo ndiye Mariamu amempenda, kwa sababu nimemwambia alikuwa akifanya hesabu akiwa amekaa sakafuni, anachora kwenye makaratasi makubwa, na binti yake mdogo akadhani mama anapaka rangi.

Juzi nimempelekea fundi karatasi hiyo. Ameichukua, amesema mninga umekwisha, anasubiri mzigo, kibao kitakuwa tayari baada ya wiki mbili. Nimetanguliza nusu. Nimemwomba safari hii vanishi ikauke kabla hajanipigia simu, na herufi za nyuma ziwe kubwa, mtoto asome mwenyewe.