Kuishi na familia mwenyeji Tübingen: nyumba naisifu, wakala simpendekezi

Nimekaa miezi kumi na moja na familia ya Kijerumani mjini Tübingen, kusini mwa Ujerumani, kuanzia Septemba 2024 hadi Agosti 2025, nikisoma lugha ili nifanye mtihani wa DSH wa kuingilia chuo. Wadogo zangu wa Moshi wananiuliza kila mara kama ni bora kulipia familia au kungoja chumba cha hosteli. Jibu langu ni familia. Ila kuna jambo moja mlijue kabla hamjapanda ndege, kwa sababu mimi lilinilaza njaa usiku wa kwanza.

Mezani palikuwa na mkate mweusi, jibini, nyanya, matango ya achari na sufuria ya supu ya viazi. Nilikuwa njiani tangu jana yake kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Nikamaliza bakuli moja, mama wa nyumba akaniuliza kama naongeza. Nikasema hapana, asante. Kwetu Majengo mgeni hakubali mara ya kwanza; anangoja ashikiliwe, "Ongeza mwanangu, hujala kitu," ndipo anasogeza sahani. Mama akasema sawa, akafunika sufuria, akaiweka kwenye friji. Basi. Nikapanda chumbani na biskuti mbili nilizopewa kwenye ndege.

Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Kwao ukiulizwa umeulizwa, na ukijibu umejibu. Kumlazimisha mtu aliyekwisha kukataa ndiko kumkosea adabu. Kesho yake nilimweleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza jinsi sisi tunavyokaribishana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: humu ndani sema unachotaka, mimi siwezi kukisia. Neno hilo ndilo lililoniwekea amani nyumba nzima, na nawaachia ninyi pia. Ukitaka blanketi la pili, sema. Ukitaka kukaa peke yako, sema. Hakuna atakayekununia.

Sasa wakala. Nilimlipa euro 350 anitafutie familia. Fomu yake ilikuwa na mahali pa kuandika dini na chakula, nami nikaandika wazi: Mwislamu, sili nguruwe, na chakula changu kisitiwe pombe. Hakuna hata neno moja lililoifikia familia. Siku ya pili mama alinipikia Maultaschen, chakula cha heshima cha huko, vipande vya unga vilivyofungiwa nyama ya kusaga na mchicha ndani. Nikauliza nyama gani. Alipojibu nguruwe na kuona nimeweka uma chini, uso wake ulibadilika, akaanza kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake. Nilimwandikia wakala mara tatu. Alijibu mara moja, baada ya wiki tano, barua ya kunishukuru kwa kuchagua huduma yake. Hiyo ni hela ya jasho la baba yangu, na sitaki mwingine aipoteze hivyo. Ukipata wakala, mwambie akuunganishe na familia kwa simu ya video kabla hujatoa senti. Akikataa, ondoka.

Baada ya siku ile mama alikuwa akitengeneza Maultaschen za mchicha na jibini, zangu kwenye sufuria yake mbali.

Bei: nililipa euro 580 kwa mwezi, chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni, umeme na maji humo humo. Mwenye viza ya mwanafunzi anajua ile akaunti iliyofungwa, unayoweka hela kabla ya safari na kuitoa kidogo kidogo kila mwezi; wakati wangu ilitoa euro 992 tu kwa mwezi, kwa hiyo fanya hesabu vizuri, bado kuna bima na nauli. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za nchi nzima nilipofika ilikuwa euro 49, Januari 2025 ikapanda 58. Mimi nilinunua baiskeli iliyokwisha kutumika, maana nyumba iko mtaa wa Lustnau na kutoka huko hadi Wilhelmstraße kwenye madarasa ni njia tambarare.

Chumba kilikuwa juu kabisa chini ya paa, meza nzuri, dirisha linalotazama mtufaa, intaneti haikatiki. Bafu tulichangia na kijana wao wa miaka kumi na sita, anayekaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kufua ni Jumatano peke yake, na nguo zinaanikwa kwenye stoo ya chini ya nyumba. Wakati wa baridi khanga ilichukua siku mbili kukauka. Na kuna habari ya dirisha. Kila asubuhi, hata Januari nje kukiwa na barafu, unazima hita, unafungua dirisha lote dakika tano au kumi, kisha unafunga. Mwanzoni sikufanya, niliona ni kuutupa joto nje. Novemba nikasogeza kabati nikakuta ukutani madoa meusi ya ukungu, ukubwa wa kiganja. Pumzi yako na mvuke wa kuoga vinageuka maji kwenye ukuta wa baridi, visipopata pa kutokea vinaozesha nyumba. Tulisugua ule ukuta pamoja na baba wa nyumba, naye hakunigombeza, alinionyesha tu namna ya kufanya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule Swabia, yaani eneo hilo la Tübingen, jembe ni ufagio. Kwenye jengo lenye ngazi za pamoja kuna zamu ya usafi ya wiki, wanaiita Kehrwoche, na kibao kidogo kinaning'inizwa mlangoni kwa familia ambayo zamu ni yake. Wiki ya tatu mama aliniuliza kama ningependa kuingia kwenye zamu. Nilifurahi mno. Nikafagia ngazi kuanzia juu hadi mlango wa nje, nikapiga deki, nikakusanya majani ya barazani. Jirani wa chini, mzee aliyekuwa ananipita bila kuniangalia, Jumamosi ile alisimama akanisalimia "Grüß Gott" na kuniuliza jina.

Lakini mtu aliyenifundisha Kijerumani ni bibi, mama yake mama wa nyumba, aliyekuwa akiishi nao chumba cha chini. Wote waliniambia niwaite kwa majina yao ya kwanza. Kwa wazazi nilijikaza. Kwa bibi wa miaka themanini na kitu ulimi ulikataa kabisa, nikamwita Oma, yaani bibi, kama wajukuu zake. Nikamfundisha shikamoo inavyoitikiwa. Tangu hapo nikiingia jikoni asubuhi na kumwamkia, anaacha anachofanya, anajinyoosha, anaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayejua haki yake.

Oma alikuwa anatengeneza Spätzle, tambi za huko, kila Ijumaa. Unga wa ngano, mayai, maji kidogo na chumvi, anaupiga kwa mwiko wa mbao wenye tundu katikati mpaka uanze kutoa mapovu na kuvutika bila kukatika. Kisha anaulowesha ubao kwa maji ya moto, anapakaza unga ubaoni mwembamba ukingoni, na kwa kisu kipana anaukwangua kuelekea kwenye maji yanayochemka, nyuzi kwa nyuzi, haraka kama mtu anayepara samaki. Zikielea zimeiva. Aliweka mkono wake juu ya wangu nipate mwendo wa kisu. Muda wote anaongea, na lahaja yake si ya darasani: kila kitu kinaishia na "-le", nyumba ni Häusle, na "s" iliyo mbele ya "t" inageuka "sh". Wiki nne nilikuwa sielewi kitu. Baadaye mwalimu alipotuwekea sauti za watu wa mitaani, darasa zima likaduwaa, mimi nikaandika majibu.

Mezani ndipo ilipo thamani ya zile euro 580. Ni hapo niliposikia kwamba Tübingen na Moshi ni miji rafiki tangu 2014, mji wangu mwenyewe, nikaambiwa na watu wa mbali. Nami nikawapa yangu: kwamba shule tunayosema ni Schule yao, na hela ni Heller, sarafu iliyoanza kutumika kwetu mwaka 1904 wakati wa Mjerumani. Baba wa nyumba alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua na mengine ya wakati ule. Tukazungumza Maji Maji usiku huo mpaka chai ikapoa, naye hakuyakwepa.

Ramadhani ya 2025 ilianza tarehe mosi Machi. Niliogopa kuwasumbua, nikawaambia mapema kama nilivyofundishwa. Wao hula saa kumi na mbili na nusu jioni, na jua la mwanzo wa Machi linazama saa kumi na mbili na dakika chache, kwa hiyo walichofanya ni kuwahisha chakula kidogo, tukawa tunakula pamoja. Jua lilivyochelewa kuzama, nao wakachelewesha. Mama alinunua tende. Kwa daku nilipewa birika la umeme na chupa ya chai nikae navyo chumbani, maana baada ya saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri jengo linatakiwa kuwa kimya. Usiku wa kuamkia Idi saa za nchi nzima zilisogezwa mbele saa moja, na Oma alipanda kwenye kiti kurekebisha saa ya jikoni kabla hajalala ili nisichelewe swala.

Nani nisimshauri? Anayependa wageni wapite bila taarifa, kwa sababu rafiki yako akija lazima useme siku moja kabla. Na anayerudi usiku wa manane kila wikiendi. Jumapili maduka yamefungwa, usipojipanga Jumamosi utaomba sukari.

Nyumba naipa nyota tano, wakala nampa moja. Chumba sasa kina mwanafunzi mwingine hadi Machi. Anayetaka baada ya hapo aniandikie, nitamuuliza Mama kwanza, na aniambie mapema anakula nini na hali nini, hilo nitalifikisha mwenyewe.