Sedani mpya ya ukubwa wa kati kwa bajeti isiyoongezeka: uzoefu wangu wa kuchagua

Nilichonunua ni Toyota Camry ya haibridi (inayotumia injini ya petroli pamoja na mota za umeme) ya mwaka wa modeli 2025, toleo la LE, lile la chini kabisa: viti vya kitambaa, rimu za inchi 16, skrini ndogo. Kwa fedha hiyo hiyo ningeweza kuondoka na sedani ya turbo yenye viti vya ngozi na paa la kioo. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana nitaieleza. Msimamo wangu kwa mtu ambaye bajeti yake haiongezeki ni huu: nunua injini na gia kwanza, kisha nafasi, mapambo yapate kilichobaki.

Bajeti nyingi huvunjika kabla gari halijachaguliwa, pale mnunuzi anapolinganisha fedha aliyo nayo na bei iliyobandikwa kwenye kioo. Bei hiyo haina kodi ya usajili, bima ya mwaka wa kwanza, wala riba. Mimi hutenga asilimia 12 hadi 15 ya fedha yote pembeni kabla ya kutazama gari lolote. Bima niliiulizia kwa jina kamili la toleo, kwa sababu matoleo mawili ya gari moja yanaweza kutozwa tofauti. Uliza pia jambo moja ambalo wengi hawaliulizi: kioo cha mbele kikipasuka, je, bima italipia kulengwa upya kwa kamera iliyo nyuma ya kioo hicho? Siku hizi hata matoleo ya chini yana kamera hiyo, na kioo kikibadilishwa bila kamera kulengwa upya, breki za dharura na mfumo wa kushika mstari wa barabara huenda visisome sawasawa.

Kwa wanaokopa, muda wa mkopo hula fedha kuliko toleo la gari. Chukua riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa kila 100 unazokopa, ukilipa kwa miezi 36 utarudisha karibu 113. Kwa miezi 60 utarudisha karibu 122, na kwa miezi 84 karibu 131. Muuzaji atakuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Usimjibu. Akishajua kiasi hicho, atakurefushia miezi mpaka gari lolote lionekane unalimudu. Maliza kwanza bei ya mwisho ya gari, kwa maandishi. Halafu zungumzia mkopo. Gari la zamani unalotaka kulitoa kama sehemu ya malipo lije mwisho kabisa. Ukichanganya yote matatu mezani, punguzo unalopewa hapa litachukuliwa kule.

Orodha ya nyongeza niliikata yote. Tabaka la kulinda rangi, dawa ya kuzuia kutu juu ya bodi ambayo tayari imekingwa kiwandani, na nitrojeni kwenye matairi, ilhali hewa ya kawaida ni asilimia 78 nitrojeni na kompresa ya gereji haitozi hata robo ya bei hiyo.

Sasa injini na gia, ambako ndiko uamuzi wenyewe ulipo. Camry ya 2025 nchini Marekani huuzwa kama haibridi tu: injini ya lita 2.5 pamoja na mota za umeme, jumla nguvu za farasi 225 kwa gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele. Maana yake toleo la chini kabisa lina mtambo ule ule wa toleo la juu. Kwa Honda Accord si hivyo. Matoleo yake ya chini yana turbo ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 192, na haibridi inaanzia matoleo ya juu zaidi. Kwangu mimi Accord ndiyo inayoendeshwa kwa raha zaidi kati ya hizi zote: usukani unaeleweka mkononi, kiti cha nyuma ni kipana, na buti lina lita 473 dhidi ya 428 za Camry. Ila kwa bajeti yangu, Accord niliyoitaka ilikuwa nje ya mstari, na Accord iliyokuwa ndani ya mstari haikuwa ile niliyoitaka. Hyundai Sonata nayo haibridi yake haianzii toleo la chini. Kia K5 haina haibridi katika soko la Marekani.

Kwa nini niliikwepa turbo ndogo? Si kwamba ni mbovu. Injini ya turbo yenye sindano zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huwa na mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, petroli haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachozisafisha na kaboni hujijenga taratibu. Injini ya lita 2.5 ya Toyota na ile ya lita 2.5 ya Hyundai zina sindano za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, na hilo hupunguza tatizo. Pili, kwenye safari fupi za baridi, petroli isiyoungua huteleza kupita ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Dalili yake ni kijiti cha oili kuonyesha kimo kimepanda badala ya kushuka, na oili kunuka petroli. Dawa ni kuipa injini safari ndefu ya kuichemsha vizuri mara kwa mara na kubadilisha oili mapema. Anayeendesha barabara kuu kila siku hana haja ya kuhofu. Anayekwenda kilomita tatu kazini na tatu kurudi ana haja.

Kuhusu gia, usichanganye vitu viwili vinavyoitwa kwa jina linalofanana. CVT ya kawaida (gia ya otomatiki isiyo na hatua), kama ya Nissan Altima au ya Accord isiyo haibridi, hutumia mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Inahitaji mafuta yake maalumu, NS-3 kwa Nissan na HCF-2 kwa Honda, na fundi akiweka mafuta ya gia ya otomatiki ya kawaida ataiua. Ile ya haibridi ya Toyota, ingawa nayo huitwa CVT ya kielektroniki, haina mkanda: ina seti ya gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati) na mota mbili za umeme, basi. Haibridi ya Honda hutumia injini zaidi kuzalisha umeme, kisha klachi huiunganisha moja kwa moja na magurudumu kwenye mwendo wa barabara kuu. Haibridi ya Sonata ina gia ya kawaida ya hatua sita. Zote tatu ni njema, ila ya Toyota ndiyo yenye sehemu chache zaidi za kuchakaa.

Je, haibridi inarudisha fedha yake? Ikiwa gari unalolitazama linauzwa kwa aina zote mbili, piga hesabu kwa lita, achana na maneno ya kwenye tangazo. Kwa vipimo vya EPA, shirika la mazingira la Marekani, Camry ya LE hutumia karibu lita 4.6 kwa kilomita 100, na sedani ya petroli ya daraja hili karibu lita 7.4. Tofauti ni lita 2.8. Chukua tofauti ya bei ya magari mawili, igawe kwa bei ya lita moja unakoishi. Tuseme jibu ni lita 1,700: utazirudisha baada ya kilomita 60,000 hivi. Anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka atazifikia katika miaka mitatu. Anayekwenda 8,000 atahitaji zaidi ya miaka saba, na mtu huyo ningemwambia achukue Sonata au K5 ya lita 2.5 ya kawaida, isiyo na turbo, akabaki na chenji.

Rimu zinastahili aya yake kwa sababu ndizo mtego mzuri kuliko yote. Tairi la 205/65R16, la rimu ya inchi 16, lina ukuta wenye kimo cha milimita 133. La 235/40R19, la rimu ya inchi 19, lina milimita 94. Milimita hizo karibu 40 za mpira ndizo zinazokinga rimu kwenye shimo. Tairi la inchi 19 ni ghali kulibadilisha na gari hupiga kelele zaidi. Mafuta pia huongezeka. Haibridi ya Accord ya toleo la EX-L imepimwa maili 48 kwa galoni, yaani lita 4.9 kwa kilomita 100. Matoleo ya Sport na Touring, yenye mtambo ule ule lakini rimu za inchi 19, yamepimwa 44, yaani lita 5.3. Hapo unalipia mng'aro mara tatu: dukani, kituo cha mafuta, na kwa fundi wa matairi.

Gari ambalo utengenezaji wake umesimamishwa huja na punguzo linalovutia. Chevrolet Malibu ilikoma kutengenezwa Novemba 2024, na Subaru Legacy imeishia mwaka wa modeli 2025. Spea za injini zitapatikana kwa miaka mingi. Kinachoumiza ni bei ya kuuzia baadaye. Ukipanga kulitumia miaka kumi, punguzo hilo lina maana. Ukipanga kuliuza baada ya mitatu, punguzo ulilopewa utamwachia mnunuzi wa pili.

Kwenye kulijaribu, omba gari lisiwashwe kabla hujafika, ulisikie likiwa baridi. Weka kiti cha dereva kwa kimo chako, kisha keti nyuma yake mwenyewe: magoti yakigusa hapo, abiria wako atateseka. Paa la kioo hula sentimita kadhaa za nafasi ya kichwa, hasa nyuma. Liendeshe kwa kilomita 100 kwa saa ukiwa umezima redio, kisha barabara mbaya kwa kilomita 40 kwa saa, na ulirudishe nyuma kwenye nafasi finyu, maana magari haya yana urefu wa mita 4.9 hivi. Kaa kitini nusu saa kamili. Kiti kibaya hakijitangazi katika dakika kumi. Fungua buti na unyanyue zulia: baadhi ya haibridi hazina tairi ya akiba, zina chupa ya gundi na pampu, na gundi hiyo haizibi ukuta wa tairi uliochanika.

Nyota niliyoibana. Ukikanyaga kwa nguvu kupanda mlima, injini hupanda mzunguko na kukaa hapo juu ikinguruma, wakati mwendo unafuata taratibu. Ndiyo tabia ya mtambo huu, si hitilafu, lakini anayetoka kwenye V6, injini ya silinda sita, ataichukia. Sauti ya lami kwenye barabara chakavu inaingia ndani kuliko kwenye Accord. Spika za LE ni za kukuwezesha kusikia habari, si zaidi.

Matunzo ni machache. Oili ya 0W-16, takriban lita 4.5, naibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu kwa sababu gari liko foleni muda mwingi. Pedi za breki huchukua muda mrefu kwani mota ndizo zinazopunguza mwendo kwanza. Kinachosahauliwa ni njia ya hewa ya kupoza betri kubwa, eneo la kiti cha nyuma: isizibwe na mkoba wala blanketi, na vumbi liondolewe kwenye kichujio chake. Ikiziba, feni hupiga kelele, betri hupata joto, na kompyuta hupunguza msaada wa umeme. Mtu huanza kulalamikia mafuta, kumbe ni vumbi.

Siku ya kukabidhiwa, nenda mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka. Linganisha namba ya chesi iliyo chini ya kioo cha mbele na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo uliochapwa ubavuni mwa matairi: 1925 ni wiki ya 19 ya mwaka 2025. Yakipishana sana kati yao, uliza kwa nini. Pima upepo. Magari husafirishwa yakiwa yamejazwa kupita kiasi ili matairi yasipate bapa, na ukikuta zaidi ya psi 40, ujue maandalizi hayakukamilika, basi kagua na mengine. Betri ndogo ya volti 12, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, isome karibu volti 12.6. Ikiwa 12.2 au chini, gari limekaa uwanjani muda mrefu bila kuchajiwa, na betri hiyo itakufia mapema: dai mpya kabla ya kutia sahihi, kwa sababu baada ya sahihi itageuka kuwa mjadala wa dhamana. Tazama mwanga ukiteleza kwenye milango yote kwa mshazari ili kuona kama kuna palipopigwa rangi upya. Hesabu funguo, ziwe mbili, na ujaribu zote.