Duka la pembejeo Moshi mjini, hapa jani linaangaliwa kwanza ndo unauziwa dawa

Wadau wa kahawa wa Kibosho, Uru na Machame hii ni yenu. Kuna kaduka kadogo ka pembejeo mitaa ya soko la Mbuyuni, mi nakapa nyota zote.

Yani kahawa zangu majani yalikuwa yanageuka njano, nikaenda duka jingine wakanipa dawa bila hata swali moja, nimepiga mara mbili, hela imeenda na mti uko vile vile. Hapa dada kanipa shikamoo halafu akauliza, baba, umekuja na jani? Sikuwa nalo. Akagoma kuniuzia! Akasema rudi kesho na jani na tawi lenye matunda.

Kesho yake akageuza jani akanipa lenzi. Chini kumejaa vidoa vyeusi kama lami, kumbe kinyesi, na katikati kadudu ka milimita 4 hivi, mabawa matundu matundu kama kitambaa cha lesi. Huyo ananyonya jani tu, tunda hana habari nalo, na mi muda wote napulizia juu yeye kakaa chini. Kwenye tawi ndo tukamkuta mdudu mwingine anaitwa antestia, huyo mkubwa karibu mara mbili, umbo la ngao, mweusi ana mabaka ya machungwa na meupe. Wote ukoo mmoja na kunguni wa kitandani, mdomo sindano, ila antestia ndo anayekula hela yako, anachoma maua na matunda mabichi, anaingiza na ukungu, punje inaoza ndani inakuwa nyeusi na matunda mengine yanadondoka.

Na hakukimbilia kuniuzia chupa. Kaniambia pogoa, toa maotea, yale machipukizi yasiyotakiwa, mwanga uingie maana antestia anapenda mti uliofunga, halafu asubuhi tandika shuka jeupe chini ya mti utikise, ukipata wawili kwa mti ndo uje tuongee dawa. Huyo wa lesi ana maadui wake hapo hapo kwenye jani, ukipiga ovyo unaua na wanaokusaidia.

Lenzi nimenunua elfu 12, inauma kidogo ila naitumia kila siku. Kasoro, duka finyu, siku ya soko unasubiri sana, na dawa ni chupa za lita tu, jamani tuleteeni ndogo sisi wa vihamba, vishamba vya nyumbani vya miti 40.

Jumamosi nimetandika shuka miti 10, antestia watatu tu. Kwa hiyo kesho panga na mkasi, dawa bado.