Aigle au Flanders: mwendesha baiskeli chipukizi aanzie wapi Ulaya?

Kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) huko Aigle, Uswisi, kilichofunguliwa mwaka 2002, humpa kijana aliyechaguliwa malazi, kocha na fundi, kisha humpangia mbio za kushiriki. Biniam Girmay wa Eritrea alipitia hapo kabla ya kushinda Gent–Wevelgem, mbio kubwa za siku moja nchini Ubelgiji, mwaka 2022. Ugumu uko katika kuchaguliwa, kwani nafasi ni chache.

Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, mlango uko wazi zaidi, lakini kila kitu ni juu yako, kuanzia kodi ya chumba hadi kuosha mnyororo usiku. Majira ya kiangazi mbio za vijijini, ziitwazo kermesse, hazikauki. Mshiriki hujiandikisha siku hiyohiyo, mara nyingi ndani ya baa, akabana namba mgongoni kwa pini, kisha akazunguka njia ileile ya kilomita chache mara nyingi, huku upepo wa ubavuni ukilikatakata kundi na kila kona ikidai nguvu mpya ya kukimbiza walio mbele. Zawadi ni fedha kidogo, ambazo hazimtoshi mtu kuishi.

Kwa kujifunza kukaa ndani ya kundi, sioni shule inayoizidi Flanders. Hata hivyo, viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huruhusu siku 90 tu katika kila siku 180, muda usiotosha msimu mzima. Tena huko gharama zote ni zake mwenyewe. Hivyo kijana wa Kigali au Nairobi asiye na mfadhili ningemshauri aitafute Aigle kwanza.