Mihula minne na Moodle: maoni ya mwalimu wa takwimu

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, chuo kimoja cha huku Nyanda za Juu Kusini. Muhula uliopita darasa lilikuwa na wanafunzi 312. Nimetumia Moodle kwa mihula minne mfululizo, na haya nawaandikia hasa wahadhiri wenzangu waliopewa akaunti na barua ya kuwataka masomo yote yawe mtandaoni, kisha wakaachwa hapo wajitegemee.

Kwa asiyeifahamu, Moodle ni programu ya kuendeshea masomo kwenye mtandao. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Ni programu huria, chuo kinaipakua bure, kinaiweka kwenye seva yake na kuirekebisha kinavyotaka. Ndiyo maana imeenea, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi Chuo Kikuu Huria. Lakini cha bure ni leseni. Seva, umeme wa akiba na mtu wa kuitunza usiku na mchana havipatikani bure, na chuo kisipovilipia, mwanafunzi ndiye anayeumia.

Muhula wa kwanza niliifanya stoo. Nilipandisha notisi zangu zote, slaidi zote, nikaona nimemaliza kazi. Wanafunzi waliingia mara moja, wakapakua, wakarushiana kwenye kundi la WhatsApp, hawakurudi tena. Darasani nikaendelea kusimama saa mbili nikisoma slaidi zilezile. Matokeo ya mtihani yalikuwa yaleyale ya kila mwaka, na yalistahili kuwa hivyo, maana ufundishaji wangu haukubadilika hata kidogo.

Kilichonibadilisha ni aina moja ya swali iliyomo kwenye sehemu ya majaribio, swali la kukokotoa. Mahali pa namba unaweka herufi. Unaipa herufi hiyo mipaka, tuseme kuanzia 40 hadi 90, unaandika kanuni ya kupata jibu, halafu programu yenyewe inazalisha seti za namba, kumi, hamsini, hata mia. Kila mwanafunzi akifungua jaribio anapewa seti mojawapo. Swali ni lile lile, namba ni nyingine, na jibu ni lingine.

Anayefundisha darasa kubwa atanielewa. Miaka yote nilikuwa nikitoa zoezi nakusanya karatasi mia tatu zenye jibu moja, hadi kosa la desimali ni moja. Nilikuwa nasahihisha kazi ya mtu mmoja mara mia tatu.

Wiki ya tatu ya muhula wa pili, Jumatano jioni, nilipita nje ya maktaba kwenye vile vibaraza vya saruji nikawakuta vijana sita wamezunguka simu moja. Mmoja anasema, "Wewe nipe jibu tu." Mwenzake akamjibu, "Jibu langu litakusaidia nini? Namba zako siyo zangu. Onyesha umetoaje wastani kwanza." Akageuza daftari, akaanza kumwonyesha, mstari kwa mstari, hatua za kuelekea mchepuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani: toa wastani kwenye kila namba, zidisha tofauti hiyo yenyewe kwa yenyewe, jumlisha, gawanya. Aliyekuwa anataka jibu akamkatiza, "Kwa nini unagawa kwa nane na namba ziko tisa?" Hilo swali, kwa nini tunapunguza moja, nimekuwa nikililazimisha darasani kwa miaka na haliulizwi na mtu. Sasa liliulizwa kibarazani, na mwanafunzi, na akalijibu mwanafunzi. Waliponiona wakasimama, "Shikamoo mwalimu," nikawaambia waendelee.

Ningekuwa na nafasi ya kusifia kitu kimoja tu cha Moodle, ningesifia hicho.

Kina mtego wake, na niliuingia. Kwenye swali hilo kuna kisanduku cha kuweka tofauti inayokubalika kati ya jibu la mwanafunzi na jibu sahihi. Niliiacha ilivyokuwa. Waliokadiria desimali katikati ya hesabu wakapewa sifuri wakati njia yao ilikuwa safi. Kiongozi wa darasa akaja ofisini na karatasi yenye majina kumi na saba. Walikuwa na haki. Niliongeza ile tofauti inayokubalika, nikabonyeza pa kusahihisha upya, na alama za darasa zima zikarekebishwa kwa dakika chache. Kwa karatasi nisingeweza.

Kitu cha pili ni jukwaa la maswali na majibu. Humo mwanafunzi haoni michango ya wenzake mpaka aweke wa kwake, na hata akishaweka anasubiri muda wa kuhariri upite, ambao kwa kawaida ni nusu saa. Waambieni wanafunzi mapema, vinginevyo watadhani mtandao umekwama na watakupigia simu usiku. Mwanzoni jukwaa langu lilikuwa limejaa sentensi za vitabuni na, siku hizi, sentensi za akili mnemba: Kiingereza kimenyooka, mtu hayumo. Nikabadilisha sharti. Nikasema, eleza maana ya mchepuko sanifu kwa Kiswahili, kwa kutumia kitu unachokijua nyumbani kwenu.

Binti mmoja akaandika habari za viazi. Alisema magunia mawili yanaweza kuwa na kiazi cha wastani sawa, gramu zilezile, lakini gunia moja viazi vyake vinalingana na jingine limechanganywa vikubwa na vile vya kutupia nguruwe. Ukimuuliza muuza chipsi, atachukua lile la vinavyolingana, kwa sababu vikubwa vinabaki vibichi kati na vidogo vinaungua. "Wastani haumwambii hilo," akaandika, "mchepuko ndio unamwambia." Nimeyatumia maelezo yake darasani kila muhula tangu siku ile, kwa ruhusa yake. Mtihani wetu ni wa Kiingereza na lazima waandike kwa Kiingereza, hilo nalijua. Lakini aliyeelewa viazi hapati shida kubwa kuhamishia Kiingereza.

Sasa bando. Mwanafunzi wangu wa kawaida anasoma kwa simu, siyo kompyuta, na bumu likichelewa bando ndilo la kwanza kukatwa. Nilijaribu video. Video ya dakika kumi niliyoirekodi mwenyewe ilifika MB 140, na kwenye kumbukumbu za Moodle nikaona waliofungua ni wachache mno. Maelezo yaleyale nikayafanya sauti tupu, MB 5, na karatasi ya hesabu ya kurasa mbili. Wakafungua karibu wote. Kwa masomo yetu ya kukokotoa, sauti na karatasi vinatosha, na sioni aibu kusema hivyo hata kama kwenye warsha wanatuhimiza video.

Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila mtandao. Wengi wao wanapakua usiku wa manane kwa bando la usiku, asubuhi wanasoma kwenye daladala. Hata jaribio linaweza kufanywa bila mtandao kisha likatumwa baadaye, ila mhadhiri lazima aruhusu kwenye mipangilio, na jaribio lisiwe na kikomo cha dakika. Ukiweka saa ya kuhesabu kurudi nyuma, nafasi hiyo inapotea. Mimi nimeondoa kikomo kwenye majaribio ya kila wiki. Namba zinatofautiana, kwa hiyo muda mrefu haunitishi.

Kuhusu seva nitasema waziwazi. Muhula wa pili niliweka jaribio moja, saa mbili usiku, watu wote kwa pamoja. Seva ya chuo ikazidiwa ndani ya dakika tano. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo waliokuwa wameingia walikuta kazi yao ipo, lakini wengi hawakuingia kabisa na nikalazimika kulifuta. Tangu hapo jaribio linafunguliwa Ijumaa jioni na kufungwa Jumapili usiku, na sijaona tena msongamano ule. Halafu Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikadorora, sisi tuliendelea. Seva yetu iko chuoni, mtandao wa ndani ulikuwa unafanya kazi, na waliokuwa nje walishapakua. Wanaoshauri tuhamishie kila kitu kwenye seva za ng'ambo wakumbuke wiki ile.

Jambo dogo lililoniletea kesi nyingi ni saa. Kazi ya kukusanya, usipoigusa, Moodle inapendekeza mwisho uwe saa sita kamili usiku, na inaandika Ijumaa, 12:00 AM. Sisi tunaosema saa sita usiku ya Ijumaa tunaelewa usiku wa Ijumaa baada ya kutwa nzima ya Ijumaa. Moodle inamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa. Wanafunzi arobaini na kitu walichelewa kwa siku nzima wakiamini wamewahi. Siku hizi naweka 11:55 PM, na kwenye maelezo naandika kwa Kiswahili: mwisho Alhamisi saa tano na dakika hamsini na tano usiku. Kesi zimekwisha.

Kasoro zake? Fomu za mipangilio ni ndefu kupita kiasi, na mhadhiri mgeni anazama humo asijue kipi cha kugusa na kipi cha kuacha. Kitabu cha alama kinataka uvumilivu, hasa ukianza kugawanya uzito wa alama ndani ya ile 40 ya mazoezi ya muhula. Google Classroom ni nyepesi kujifunza, unaanza kuitumia siku hiyo hiyo, na kwa darasa la watu thelathini ningekuelewa ukiichagua. Lakini haina lile swali la kukokotoa, na kwangu mimi hapo mjadala unaisha. Insha nimeziondoa mtandaoni, zinaandikwa darasani kwa kalamu. Mtihani wa mwisho nao bado ni wa karatasi, na sijaona sababu ya kuuharakisha.

Mhadhara wangu wa saa mbili umekuwa wa saa moja. Saa ya pili tunakaa na yale maswali ambayo ripoti ya jaribio inaonyesha wengi wamekosa, napanda na kushuka ngazi za ukumbi, nasikiliza wanavyobishana. Kabla ya hapo nilikuwa sijui majina ya watu ishirini. Sasa najua ya zaidi ya mia, na nikiona kwenye kumbukumbu kwamba mtu hajaingia wiki mbili, namtafuta kupitia kiongozi wa darasa. Mara nyingi simu imeharibika au ada imemkwamisha, na yote mawili yanazungumzika yakijulikana mapema.

Ukiuliza uanzie wapi, acha notisi. Tengeneza jaribio moja la maswali matano ya kukokotoa kwa wiki ya pili ya muhula, lipe alama chache, liruhusu lirudiwe mara tatu, uone kitakachotokea kibarazani. Benki yangu sasa ina maswali 186, kuanzia wastani hadi ulinganisho wa makundi mawili. Moodle inayatoa yote katika faili moja la XML, na chuo kingine kinaliingiza bila kuandika upya hata mstari mmoja. Anayefundisha somo hili aniombe, nitampa lote, na kama ana maswali yake ya mada ya uwezekano (probability), ambayo mimi sijayatengeneza vizuri, nitafurahi kuyapokea.