Uzoefu wangu: duka la ndege linalotaka kukata kasuku ulimi

Nilikusudia kuwapa nyota tatu. Tundu lao ni imara, nafasi kati ya waya ni ndogo kichwa kisipite, na ndege alitoka dukani macho maangavu, manyoya yamelala vizuri. Lakini duka hili hapa Maskati liliuza "kasuku wa kuongea, kwa dhamana", na lilipoulizwa mbona haongei, muuzaji akajibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Ulimi wake mzito. Mlete tumkate kidogo."

Kumkata ulimi! Mtu anayeishi kwa kuuza ndege!

Sauti ya kasuku haianzii kwenye ulimi. Inaanzia chini kabisa ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kuingia mapafu mawili, kwenye kiungo kiitwacho sirinksi. Ulimi huichonga tu sauti ikishafika mdomoni, na ndio huo huo anaotumia kugeuza mbegu aimenye. Una mifupa ndani na damu nyingi. Ukikatwa, ndege anaweza kuvuja damu mpaka afe, na akipona atashindwa kula. Kuukwangua kwa sarafu ni ukatili ule ule.

Kasuku aliyekuwa akiongea akanyamaza, au sauti yake ikabadilika na kukwaruza, shaka ya kwanza iwe ni ukungu wa aspagilasi kuota kwenye sirinksi. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa ndege siku hiyo hiyo, hasa mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Karanga za maganda zilizoshika unyevu ni chanzo kimojawapo, na bakuli za duka hili zimejaa hizo hizo.

Tena aliuzwa kama dume la miaka mitatu, kasuku wa kijani wa pete shingoni. Pete yenyewe haipo! Dume aliyekomaa ana mstari mweusi chini ya kidevu na waridi kisogoni. Asiye nao ni jike, au ni kinda ambaye bado hajaota rangi. Jike naye huongea, kwa sauti nyembamba ya harakaharaka, kwa hiyo ndege si hasara. Hasara ni uongo.

Kwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye huiga sauti ya mtu kuliko wote, tazama macho. Kinda ana macho meusi ya kijivu, mkubwa ana ya njano iliyopauka. Ukiuziwa mwenye macho meusi kwa jina la "amekomaa", umeibiwa. Na kwa kuwa tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, dai karatasi zake na kikuku cha mguuni kisicho na kiungo, kile kinachoweza kuvishwa kinda wa wiki chache tu. Kikuku chenye kiungo huvishwa hata ndege aliyenaswa porini. Cherero, wale wadogo wa rangi kutoka upande wa Serengeti, ni nadra kutamka neno. Usilipe hata senti ya "kuongea".

Hiyo dhamana ndiyo inayonichoma. Ndugu wawili wa kiota kimoja, mmoja huongea, mwingine hupiga mluzi tu maisha yake yote. Alex, kasuku wa kijivu aliyejifunza maneno kama 100, mtafiti Irene Pepperberg alimnunua kwenye duka la kawaida Marekani mwaka 1977. Alifundishwa na watu wawili wakiulizana na kupeana kitu mbele yake, naye akijibu anapewa kile alichokitaja. Video peke yake haikufundisha kasuku. Duka hili linauza flashi ya maneno ya kuchezwa mchana kutwa. Pesa ya bure hiyo. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, neno moja, "ndizi" likitamkwa ndizi ikiwa mkononi. Akijaribu hata nusu ya neno, mpe ndizi.

Basi, nyota mbili, kwa ajili ya tundu. Hapana, hata hizo nazifuta, maana kisu chao bado kiko kaunta na wateja wanaendelea kuambiwa walete ndege wao. Ikiwa nawe umeambiwa hivyo, usimpeleke.